Pembe ya Namba Kumi na Moja

Kifurushi kimekaa juu ya meza yangu tangu Ijumaa, na leo ni Jumatatu. Kililetwa kutoka Kabambare na kijana wa pikipiki, kikiwa nyuma ya kiti chake pamoja na kuku wawili na bidoni ya mafuta ya mawese, na hakikuingiwa na hata tone la mvua. Kimeshonwa, hakikufungwa kamba. Mshono ni wa sindano ya gunia, hatua fupi fupi, na kila pembe ya kitambaa imekunjwa mara mbili kwa ndani. Nikikipapasa nausikia ubao mwembamba chini ya kitambaa. Nikiinama nanusa tumbaku. Najua watu wawili tu waliopata kufunga vifurushi namna hii: mimi, na rafiki yangu Gasipari, niliyemfundisha kwa barua. Gasipari alizikwa siku arobaini zilizopita. Hiki amekishona binti yake, Godeliva. Kwa hiyo sasa tuko watatu, na mmoja hayupo.

Barua ya Godeliva ilikuja mbali na kifurushi, nami nimeisoma. Ameandika: "Baba alisema hii ikufikie wewe mwenyewe, kwa sababu haijakwisha." Unene wa kifurushi unaniambia kilichomo. Ni gazeti moja. Najua hata namba yake, na ndiyo sababu sijashika mkasi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nami nilikuwa nauza vitambaa katika duka la mjomba wangu karibu na soko la Kasongo. Gasipari alinizidi mwaka mmoja. Yeye alikuwa Mkristo, amesoma kwa mapadri. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo, nimehitimu Kurani, najua kusoma herufi za Kiarabu; lakini herufi za Kizungu zilikuwa zinanitazama kutoka kwenye magunia ya sukari na mimi nazitazama, basi, tunaachana. Shule zote zilikuwa za misioni, na wazee wetu hawakutaka tubatizwe ili tujue kusoma. Sisemi hivyo kwa uchungu. Ndivyo mji ulivyokuwa, na mimi nilikuwa na shule yangu nyingine, ndani ya kisanduku.

Kisanduku kile Gasipari alikipata kwa mke wa bwana shamba mmoja, Mbelgiji wa mambo ya pamba, ambaye alimfanyia kazi bustanini siku za Jumamosi. Mama yule aliporudi kwao alimwachia magazeti ya watoto wake. Yalikuwa magazeti ya picha ya kila wiki: hadithi imepangwa katika vyumba vya picha safu kwa safu, na maneno ya watu yameandikwa ndani ya vijiwingu juu ya vichwa vyao. Yalikuwa hamsini na mawili, mwaka mzima, hakuna hata moja lililokosekana, na kwa hiyo tuliyaita Mwaka. Ndani yake alikuwamo mzee mmoja mwenye koti refu, fundi wa saa, ambaye mji wake uliibiwa saa kubwa ya mnara, naye akaifuata nchi baada ya nchi. Kila namba iliishia mahali pabaya. Fundi ananing'inia. Fundi anazama. Fundi anafungua mlango, na hujui nyuma yake kuna nani. Gasipari alikuwa mkali kuhusu Mwaka kuliko padri kuhusu altare. Tulinawa mikono, tukaikausha, tukafunua kurasa kwa kushika pembe ya juu, na hakuna aliyeruhusiwa kutafuna chochote. "Ikikosa moja," alikuwa akisema, "haiko Mwaka tena. Iko karatasi ya kufungia karanga."

Nilijifunza Kifaransa mle, chumba kwa chumba, Gasipari akinielekeza kwa kijiti cha ufagio. Tatizo ni kwamba watu wa magazeti yale hawakusema; walipiga kelele. Kifaransa changu kikawa cha mayowe. Nilijua kusema tumekwisha, tazama nyuma yako, na nipe hiyo bastola, lakini sikujua kuuliza bei ya sukari. Hapo tulikuwa tumefika nusu ya namba ya kwanza, maana nilikuwa mzito wa kuridhika: sikukubali kuacha chumba kimoja mpaka nimeandika kila neno lake kwenye daftari, kwa herufi zilizosimama sawasawa, na ikiharibika herufi moja nachana ukurasa. Mjomba alidhani daftari zinaliwa na wateja.

Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, Gasipari alipewa kazi ya ukarani Kabambare, akaondoka na kisanduku chake. Tulikuwa tumekubaliana. Kila wiki tatu angeniletea kwa posta magazeti manne: wiki moja ya njia, wiki moja ya kusoma, wiki moja ya kurudi. Nikirudisha manne yakiwa mazima, yanakuja manne mengine. Nisiporudisha, au nikirudisha yameharibika, basi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amesimama karibu na kamyo, lori la kumpeleka, ameshika kofia, akasema, "Rama, mimi nakupatia shule yangu yote. Usiniletee karanga."

Nilipofunga kifurushi cha kwanza cha kurudisha, sikulala vizuri siku mbili. Nilizungusha magazeti ya zamani ya dukani juu ya magazeti ya picha, tabaka juu ya tabaka, halafu kamba, nikakaza kwa goti. Posta alikuwako karani mnene tuliyemwita Papa Sefu, mtu wa mzaha. Nilitaka kumwonyesha kwamba na mimi ni mtu wa karatasi, nikamwamkia kwa Kifaransa: "Haut les mains!" Nilidhani ni salamu ya watu wenye adabu, maana kwenye picha kila aliyeambiwa hivyo aliinua mikono yote miwili. Papa Sefu akainua mikono yake polepole, machozi ya kicheko yanamtoka. "Unaniua juu ya nini, mutoto? Nimekula nini yako?" Alipopima kifurushi, akakitikisa karibu na sikio. "Uzito kama huu iko mutoto. Umezaa, Ramazani. Hongera." Tangu siku ile hakuniuliza tena kilichomo. Aliuliza tu, "Uzazi ya leo iko ya ngapi?"

Gasipari aliandika kwamba magazeti yamefika, lakini kamba imeacha alama kama ya mshipi kwenye tumbo la namba ya pili. "Unafunga kitabu, ao unafunga mbuzi?" Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa samaki. Kifurushi cha pili nilikifunga bila kukaza, na magazeti yakacheza ndani, pembe zikajipinda kidogo. Hakulalamika, ila alizitaja. Basi cha tatu nikasema kitakuwa cha kukomesha. Kilikuwa na namba tisa mpaka kumi na mbili. Nyuma ya duka letu akina mama walikuwa wanatwanga mpunga, kama nyuma ya kila nyumba ya Kasongo, na lundo la makapi lilikuwa pale, makavu, mepesi, yanarudi juu ukiyabonyeza. Niliona kwamba mji wangu wote ulikuwa unatwanga vifaa vyangu vya kufungia. Nilipepeta, nikapepeta tena, nikajaza makapi ndani ya sanduku la mbao nyembamba na kuyalaza magazeti katikati kama yai kwenye kiota. Akina mama waliniona. "Anapeleka makapi Kabambare! Kabambare hawana makapi?" Mwingine akamjibu bila kuacha mchi: "Ameposa kule. Ile iko mahari." Wakacheka kwa mpigo wa kinu, na mimi nikaona fahari, kwa sababu hawakujua ninalojua.

Walijua wao. Hata ukipepeta namna gani, makapi hayakosi chenga za mchele. Kifurushi kilifika Kabambare kizima kabisa, na Gasipari hakuwapo. Alikuwa amefuatana na bwana mkubwa wa serikali vijijini kuhesabu mashamba ya pamba. Kikakaa sakafuni kwake siku tisa. Aliporudi akaandika: "Panya wa hapa wamesoma namba kumi na moja kabla yangu. Sanduku limetobolewa, wamefuata chenga zako moja moja, na walipomaliza chenga wakaendelea. Namba tisa, kumi na kumi na mbili ni salama. Ya kumi na moja imekosa pembe ya chini ya ukurasa wa mwisho, chumba cha mwisho. Usitume tena mpaka ujue kufunga. Na mimi sitatuma." Sikuona hata tusi moja. Niliirudia barua nikilitafuta, maana tusi lingenisaidia.

Huko Fundi alikuwa amebaki chini ya daraja, mwisho wa namba kumi na mbili, na shule yangu ilibaki naye. Kwa wiki kumi sikufanya chochote nje ya duka ila kufunga karatasi. Nilifunga kwa majani mabichi ya mgomba, yakatoa jasho na karatasi zikaota ukungu. Niliziba kwa uji wa muhogo, mende wakaja kama walioalikwa. Niliweka vifurushi vya majaribio juu ya paa mvua ikinyesha, niliviangusha kutoka dirishani, nilivizamisha kwenye beseni la kufulia. Shangazi Zaina, ambaye nilikuwa nakula kwake, alikuwa ananitazama kwa siku nyingi akichambua sombe, majani ya muhogo. Siku moja nilikuja mezani, wali umeshapakuliwa, na mikono yangu ilikuwa inanuka gundi.

"Mwanangu," alisema, "wewe hufungi kitu. Unavika karatasi sanda."

"Nataka isiingie hewa, shangazi."

"Nani aliyekuambia karatasi ni maiti?"

Alinawa, akapanda juu ya kigoda, akateremsha kitu kilichokuwa kinaning'inia kwenye boriti tangu nizaliwe. Nilijua ni chuo cha zamani, kitabu cha dua kilichoandikwa kwa mkono. Sikujua kimefungwaje, kwa sababu watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Alikifungua mbele yangu, tabaka kwa tabaka. Nje kitambaa kilichopakwa nta ya nyuki. Ndani yake vibao viwili, vinakizidi kitabu kwa upana wa kidole kila upande, ili pigo likija lipige ubao na si karatasi. Kati ya ubao na kitabu, kitambaa cheupe cha pamba kilichochakaa kwa kufuliwa, na majani makavu ya tumbaku. Hakuna kamba. Mshono tu, usiobana, maana kitu kilichoshonwa kinashikwa pande zote sawa. Karatasi ilikuwa ya zamani kuliko yeye, na wino ulikuwa mweusi kama wa jana.

Nilisita. "Lakini hicho kitabu ni cha dini, shangazi. Hivi vyangu ni vya mchezo."

"Mududu hajui kusoma," alisema. "Anakula tu. Kula na wewe, wali unapoa."

Nimeyafikiria maneno yale maisha yangu yote. Wakati ule nilisikia ruhusa tu. Nilishona kifurushi cha kwanza cha namna ile nikaweka ndani karatasi tupu, nikamwandikia Gasipari akiache sakafuni, pale pale penye panya, wiki mbili. Papa Sefu alikipima, akashangaa. "Uzazi ya leo iko mwepesi." Jibu la Gasipari lilikuja pamoja na magazeti manne, namba kumi na tatu mpaka kumi na sita, nayo yameshonwa, kwa hatua ndefu za mtu asiyejua sindano: "Panya wamekuja, wamenusa, wamepiga chafya, wamekwenda kwa jirani. Endelea na shule." Chini yake aliongeza ombi. "Wewe ndiye wa mwisho kukitazama chumba kile. Nichoree. Hata kwa penseli. Sihitaji kizuri, nahitaji kijae."

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nilikikumbuka chumba kile. Nakikumbuka sasa hivi. Ni mlango, na mkono wa Fundi umeshika kitasa, vidole vinne vinaonekana, na yeye amegeuza uso kidogo, jicho moja linatutazama sisi, kama anayeuliza tunaingia naye au tunabaki. Nilichora mara kumi na saba. Mlango ulikuwa mlango, jicho lilikuwa jicho, lakini mkono ulikataa. Shangazi aliokota karatasi moja chini, akaigeuza huku na huku. "Hii iko mkono, ao chana ya ndizi?" Ningeweza kusema mwalimu wa chuo alitukataza kuchora viumbe. Alitukataza kweli, lakini si hilo lililonizuia. Nilichoma karatasi zote kumi na saba jikoni kwake, nikamwandikia rafiki yangu aliyenipa shule yake yote: "Nimesahau kilichokuwamo."

Hakunibishia. Kifurushi kilichofuata kilikuwa na magazeti manne, na juu yake kikaratasi cheupe. Alikuwa amekikata kwa wembe, kufuata meno ya panya, kila jino, ili kikiwekwa kwenye namba kumi na moja kiingie barabara. Hakuandika neno. Nilikitazama wiki nzima. Kisha nikakirudisha kitupu, kati ya vibao, ndani ya kitambaa cha pamba, kimefungwa vizuri. Wiki tatu baadaye kikaja tena. Mpaka mwisho wa mwaka kilikwenda na kurudi mara tisa kati ya Kabambare na Kasongo, katika kamyo na juu ya baiskeli, na hakikupata hata kunyanzi moja. Wakati ule niliona fahari kwa jambo hilo. Nilimwonyesha Papa Sefu pembe za vifurushi vyangu, naye akasema hajaona mama anayevisha watoto wake hivi. Fundi alipata saa yake katika namba hamsini na mbili, akairudisha mnarani, nami nilisoma ukurasa ule wa mwisho peke yangu, bila kijiti cha ufagio, bila kuuliza neno lolote. Mwaka ulikuwa umekwisha nami nilikuwa mtu anayejua kusoma. Kwa kusoma kule nimekula mpaka leo. Na katika kifurushi cha mwisho nilirudisha kikaratasi cheupe.

Tulionana mara chache baada ya pale: arusi yake, msiba wa shangazi, mara moja mjini Salamabila alipokuwa amekwenda kumtembelea mtoto. Tulizungumza mambo ya wazee, magoti na barabara. Mara zote nilikuwa na sentensi moja tayari kinywani, na mara zote niliona haijakaa sawa, nikaiacha mpaka safari nyingine. Hakuniuliza. Nilijiambia amesahau, ni neno ninalolijua vizuri, nilimfundisha mwenyewe.

Leo baada ya adhuhuri nimeukata mshono. Nta, ubao, pamba, tumbaku. Namba kumi na moja, rangi zimefifia kidogo, kurasa laini. Pembe ya chini bado imeliwa, na kwenye pengo lake, kimelala bila kushikizwa, kikaratasi kile kile cheupe, kimekuwa na rangi ya chai. Kati ya kurasa Godeliva ameacha neno jingine, la penseli: namba nyingine hamsini na moja zipo kwake, wajukuu wanazisoma, na wakifika kumi na moja wanauliza Fundi aliona nini, na babu yao alikuwa anawajibu kila mara, "Rama anajua. Mungojee."

Nimechukua penseli. Mkono wangu siku hizi unatetemeka hata nikishika kikombe. Nimechora mlango, kitasa, jicho, na vidole vinne, na vidole ni chana la ndizi. Shangazi angecheka mpaka aketi. Sikuchora cha pili. Sikutumia gundi, maana mende hawajabadilika. Nimekishikiza kikaratasi mahali pake kwa uzi mwembamba, hatua sita, na kimeingia barabara, jino kwa jino. Kisha nimelaza pamba, nimelaza tumbaku, nimeweka vibao, nimeshona.

Kijana wa pikipiki alikuwa ananisubiri mlangoni, injini inanguruma, anarudi Kabambare kabla ya mvua. Alikipima kifurushi kwa mkono. "Mzee, humu muna nini? Ni kwa ajili ya kujua namna ya kufunga."

"Mtoto," nilimwambia. "Kifunge bila kukaza. Amekawia kidogo kuzaliwa."